Kumfuga Kinyonga: Je, Kifungo Chaweza Kuwa cha Raha?

Tumeletewa suala na kijana mmoja wa mtaa wetu wa Kibokoni. Asema kuwa alimkuta kinyonga jike katika ua wa michongoma huko Kisauni, akamleta nyumbani kwao, akamtia katika sanduku la kioo lililokuwa la kufugia samaki. Amemwekea majani, kibakuli cha maji na vipande vya embe. Ataka kujua mambo mawili: la kwanza, kama dini yamruhusu kumfuga kiumbe huyu, na la pili, amtengenezee makao ya namna gani ili astarehe. Mwisho wa barua yake aongeza kuwa yapata siku tatu sasa mnyama amekataa kula, tumbo limemvimba, wala hatulii juu ya tawi, bali hushinda chini ya sanduku akikwaruza kioo kwa kucha zake.

Jambo hili la mwisho lilikuwa la haraka, nasi tumekwisha kumjibu kwa mdomo. Jawabu hiyo tutaieleza mbele pamoja na sababu zake. Walakini suala lenyewe tumeona linafaa kuandikwa, kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa kuliko kinyonga: je, mtu aliyemnyima kiumbe uhuru wake aweza kusema kwa haki kuwa amempa raha?

Suala liliposomwa katika darasa letu baada ya sala ya isha, wako ndugu waliocheka. Walisema kuwa watu wana dhiki za kutosha, vipi tukae kuzungumza habari za kinyonga? Twaona kicheko hicho hakikuwa mahali pake. Uadilifu wa mtu haupimwi kwa jinsi anavyomtendea mwenye nguvu, kwani mwenye nguvu atajidai haki yake mwenyewe. Hupimwa kwa jinsi anavyomtendea yule asiyeweza kushitaki, hasa wakati ambapo hapana mtu amwonaye.

Kabla ya kulijibu suala, yapasa tuondoe ujinga uliomzunguka mnyama huyu. Wako kati yetu wanaoamini kuwa kinyonga ana sumu, na wako wanaomwona kuwa ni kisirani. Basi watoto wakimwona humpiga mawe, na wazee wao wakanyamaza. Yote haya hayana msingi. Kinyonga hana sumu wala hamdhuru mwanadamu. Wengine humchanganya na mjusi, wakadhani kuwa hadithi zilizopokewa juu ya kuuawa kwa mjusi zamhusu na yeye. Mnyama aliyetajwa katika hadithi hizo kwa Kiarabu huitwa *wazagh*, naye ndiye tumwitaye mjusi kafiri. Kinyonga kwa Kiarabu ni *hirbaa*. Mwanachuoni al-Damiri, aliyefariki mwaka 1405 na aliyetunga kitabu mashuhuri cha habari za wanyama, alimwekea kila mmoja wao mlango wake. Basi asiyejua tofauti ya wawili hawa asiifanye dini kuwa kisingizio cha jiwe lake.

Na dhuluma nyingine ni ya ulimi. Mtu asiye na msimamo twamwita kinyonga, kana kwamba mnyama huyu hubadili rangi ili kudanganya. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, katika nchi ya Uswisi, walieleza habari za kinyonga mmoja wa kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Walikuta kuwa ndani ya ngozi yake mna fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na zinaposogeleana au kuachana, mwanga unaorudi kutoka katika ngozi hubadilika rangi. Naye hubadilika kwa ajili ya joto na baridi, kwa hofu, kwa ghadhabu, na kwa kumjulisha mwenziwe hali yake. Rangi yake yasema yaliyo ndani yake. Basi wale wanaomweka juu ya kanga nyekundu kisha juu ya kijani ili wacheke, mara nyingi huwa wanacheka hofu ya mnyama.

Sasa na turejee katika suala la kwanza. Asili ya kufuga si haramu. Imepokewa kuwa mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kindege akicheza naye, na kindege huyo alipokufa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimliwaza mtoto kwa maneno ya upole, wala hakumkemea kwa kuwa alimfuga. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, alitunga kijitabu kizima juu ya hadithi hii peke yake, akatoa ndani yake faida 60. Na wanavyuoni waliotoa katika hadithi hii ruhusa ya kumweka ndege tunduni, waliitoa kwa sharti kuwa asidhikishwe.

Upande wa pili wa mizani pana hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Wengi wetu twaijua tangu chuoni, lakini ni wachache wanaoizingatia. Mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga paka wala kumchoma moto. Kosa lake ni kuwa alimfungia, kisha hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhi. Tazama basi: palikuwa na milango miwili ya wokovu, mlango wa mkono wake mwenyewe na mlango wa ardhi ya Mungu. Aliufunga wa ardhi, na wa mkono wake hakuufungua.

Hapa ndipo tupatapo kanuni ya suala letu. Kiumbe aliye huru hujitafutia chakula, maji, jua, kivuli, maficho na mwenzi. Siku utakapomfungia, yote hayo huhama kutoka kwake yakawa deni juu yako. Nawe hutaweza kulilipa deni usilolijua kiasi chake. Wanavyuoni wetu wasema kuwa jambo ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo pia ni wajibu. Kwa hivyo kumjua mnyama kabla ya kumfungia ni faradhi ya mwenye kufuga, na asiyemjua hana ruhusa ya kuanza. Nia njema haitoshi. Kijana wetu aliweka embe kwa kumpenda kinyonga, lakini kinyonga wa pwani yetu hula wadudu walio hai, na embe huoza mbele yake naye ana njaa.

Miaka zaidi ya 750 iliyopita, mwanachuoni wa Kishafi Izz al-Din bin Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Alitaja kuwa walishwe hata wakiwa wazee au wagonjwa wasio na faida tena, wasitwikwe wasiloliweza, wasichanganywe na kinachowadhuru, kiwe cha jinsi yao au cha jinsi nyingine, makao yao na pahali pao pa kunywa yafanywe mema, na wakati wa kupandana ukifika, madume na majike wakutanishwe. Msomaji na aangalie kuwa makao mema yamehesabiwa kuwa haki. Hayakuachwa kuwa hisani, mwenyewe akitaka atoe na asipotaka azuie.

Basi makao mema ya kinyonga ni yapi? Tutayataja kama tulivyoyapata kwa wanaomjua mnyama huyu, na kila moja lirejee katika kanuni tuliyoitaja.

Kwanza ni hewa na kimo. Kinyonga ni mnyama wa mitini. Hujiona salama akiwa juu, na huwa na hofu akitazamwa kutoka juu yake. Sanduku la samaki ni fupi, tena kioo huzuia hewa na humwonyesha sura yake akadhani kuwa ni adui. Yatakiwa tundu la wavu, lililosimama wima. Kwa kinyonga mkubwa wa Yemen, ambaye ndiye afugwaye zaidi katika nchi za ng'ambo, kipimo kitajwacho sana ni upana wa futi 2 kila upande na kimo cha futi 4, nalo liwekwe mahali palipoinuka.

Pili ni matawi na maficho. Yawe matawi mengi, membamba na manene, ya kupanda na ya kushuka, na majani mabichi ya kumsitiri. Asiyeweza kujificha na jicho la mwanadamu hana nyumba, hata akiwa na kuta nne.

Tatu ni maji. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyosimama katika kibakuli. Hunywa umande na matone ya mvua juu ya majani. Basi majani yanyunyizwe asubuhi na jioni, na apewe muda wa kunywa bila ya kusumbuliwa. Wako vinyonga waliokufa kwa kiu, na bakuli limejaa mbele yao.

Nne ni jua. Katika miale ya jua mna sehemu isiyoonekana ambayo kwayo mwili hufanya vitamini D, na bila ya hiyo mifupa hulainika ikapinda. Sehemu hiyo haipiti katika kioo cha dirisha. Nasi twajua vichochoro vya Kibokoni: nyumba zimesogeleana, na jua hupita saa chache kisha likaenda zake. Anayefuga ndani hana budi awe na taa maalumu ya kazi hiyo. Na anayemtoa juani amwachie kivuli cha kukimbilia, kwani jua la Machi katika pwani yetu laweza kumuua mnyama aliyefungiwa kwa muda mfupi.

Tano ni chakula. Apewe panzi, nyenje, nondo na mfano wao, wakiwa hai, na wapakwe unga wa kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Mende wa jikoni aliyepuliziwa dawa asipewe kabisa, kwani sumu yake itampata na aliyemla.

Sita ni upweke. Kinyonga hataki rafiki. Wawili katika tundu moja hudhikishana hata kama hawapigani, na mmoja hudhoofika kimya kimya. Wala hapendi kushikwashikwa. Anayetaka mnyama wa kumpapasa na afuge paka.

Saba ni udongo, na hili ndilo lililokuwa jambo la haraka katika barua ya kijana wetu. Jike wa kinyonga wa pwani yetu hukaa mtini maisha yake yote, ila siku zake za kutaga zikifika hushuka chini, akachimba shimo, akataga ndani yake mayai makumi, akayafukia na kuyaacha. Kabla ya siku hiyo huacha kula, huhangaika, na hukwaruza kila pahali akitafuta ardhi. Asipopata udongo wa kuchimba huyazuia mayai tumboni mwake, na kuzuia huko humuua. Jike wa kinyonga wa Yemen hufanya mayai hata kama hakuonana na dume. Basi asiseme mtu kuwa jike wake yuko peke yake na kwa hivyo hahitaji shimo. Kila jike mzima afugwaye yapasa awe na chombo cha mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kutosha shimo lisibomoke, chenye kina kisichopungua futi moja; na anapochimba aachwe asitazamwe, kwani akiona anaangaliwa aweza kuacha kazi yake.

Sanduku la kijana wetu lilikuwa na majani, maji na chakula. Lau tungalimwuliza jana yake, angalisema kuwa hakubakisha kitu. Alichokikosa mnyama wake ni kile ambacho yeye mwenyewe, kwa kuwa si kinyonga wala si jike, hakikumpitia moyoni. Haja hii haikuonekana siku alipomchukua. Ilikuja wakati wake, na wakati huo mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Kila anayemfunga kiumbe humfunga pamoja na haja zake za kesho, ambazo leo hazimo katika hesabu yake.

Ndugu mmoja katika darasa alileta hoja yenye nguvu. Alisema: kinyonga aliye njiani hupigwa mawe na watoto, huraruliwa na paka na hukanyagwa na magari, je, si heri awe tunduni? Twasema: kumwokoa ni thawabu, lakini kuokoa hakukupi umiliki. Anayemtoa mtoto wa mwenziwe kisimani hawi babake. Ukimkuta kinyonga njiani, mpandishe juu ya mti ulio karibu, kisha mfundishe mtoto mwenye jiwe. Hapo utakuwa umewaokoa wawili.

Ama sheria ya nchi, nayo yatulazimu maadamu haituamrishi maasi. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kuweka mnyama wa porini bila ya kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Asidhani mtu kuwa sheria hiyo ni ya ndovu na simba tu. Mwezi wa Mei mwaka 2025 mahakama ya Kenya iliwahukumu watu wanne kulipa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na maelfu ya sisimizi. Ikiwa sisimizi ana sheria ya kumlinda, kinyonga hakosi.

Basi jawabu yetu kwa kijana ni hii. Kwa kuwa alimtoa porini na hana kibali, si haki yake kumweka. Tumemwambia amrejeshe asubuhi yake katika ua ule ule wa Kisauni, juu ya matawi yenye majani na karibu na udongo laini. Na iwapo amedhoofika hawezi kushika tawi, awapelekee maafisa wa wanyamapori. Na usiku ule mmoja uliobaki amtoe katika kioo, amweke katika ndoo kubwa yenye mchanga wa unyevu na matawi, afunike kwa kitambaa chepesi, amwache.

Tumesema ua ule ule kwa makusudi. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu walisafirishwa kutoka Kenya hadi visiwa vya Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufugwa. Walipofika wamekonda na wana kiu, mwenye kuwapokea aliwaonea huruma, akawaachia katika bustani yake wapate nguvu. Walitawanyika, wakazaana, na hata leo wamo huko wakila wadudu na konokono wa visiwa hivyo wasiopatikana penginepo. Huruma ya mtu yule ilikuwa ya kweli, lakini iliwaangamiza wengine. Kumwacha mnyama popote si kumrejesha.

Ama ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na kwingineko, ambako vinyonga waliozaliwa katika mikono ya watu huuzwa kwa ruhusa ya sheria, hatuwaharamishii. Mnyama aliyezaliwa tunduni hana ua wa kurejeshwa. Lakini twawaambia: ikiwa huwezi kutimiza yote saba tuliyoyataja, pamoja na gharama ya taa na ya daktari wa wanyama, kila siku hadi mauti yake, basi usimnunue. Atakayemnunua hali ajua kuwa hataweza, raha ni yake peke yake, na kifungo ni cha mwenziwe.

Tusilimalize suala hili kana kwamba lahusu wanyama tu. Wangapi miongoni mwetu wana mtumishi wa kike nyumbani, wakasema kuwa wamempa chumba, chakula na nguo, wala hakukosa kitu? Na msichana huyo hajamwona mamake tangu mwaka jana, wala hapana siku aliyoambiwa kuwa leo ni yako. Aliyeihesabu raha yake ni yule aliyeushika ufunguo, na yeye hakuulizwa. Tena tofauti ni kubwa: kinyonga hakwaruzi kioo kwa maneno, na kijana wetu ana udhuru kwa kutomfahamu. Mtumishi ana ulimi kama wetu, na udhuru wa asiyemwuliza sisi hatuujui.

Jawabu ya suala tuliloanza nalo ni kuwa kifungo chaweza kupunguzwa dhiki, na kupunguza huko ni wajibu wa aliyefunga. Lakini hakiitwi raha mpaka aliyefungwa apate yale aliyoumbwa kuyahitaji, si yale tunayopenda sisi kumpa. Vijana wa Kibokoni wanaopenda vinyonga na wapande miti katika nyua zao na kandokando ya misikiti, waache udongo wazi chini yake, wala wasipulizie dawa. Akija kinyonga, watamtazama kila siku bila ya deni; na asipokuja, mti utawapa kivuli.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.